Vibaba Tisa vya Hofu

Saa mbili asubuhi Bibi Mbeleje alikuwa anacheka, na mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Alikuwa amekaa kitako kwenye kitanda namba kumi na moja, miguu inaning'inia, barakoa ya oksijeni ameipandisha kwenye paji la uso kama miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma. Anamsimulia mama wa kitanda cha kumi na mbili jinsi marehemu mume wake alivyomposa mara tatu akakataliwa mara mbili. Yule mama hakuwa na pumzi ya kucheka. Alikuwa anatikisa mabega tu.

"Bibi, vaa barakoa," nikasema.

"Nitavaa, mjukuu wangu. Ngoja nimalize mahari."

Kifaa cha kupimia oksijeni kilichombana kidole kilikuwa kinasoma themanini na sita. Jana mchana, akiwa amelala kifudifudi kama alivyoambiwa, kilisoma tisini na moja.

Nikataka kumshushia barakoa mwenyewe, mikono ikagoma. Vidole vilikuwa vinacheza ndani ya glavu. Moyo ulinidunda mpaka masikioni, tumbo limejifunga, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa nilijua, yaani nilijua kabisa, kwamba anayeingia amekuja kunichukua mimi. Hakuna aliyekuwa amekuja kunichukua. Nina miaka kumi na tisa na mapafu yangu mazima. Ile hofu haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bibi Mbeleje, na nilikuwa nayo mwilini tangu saa kumi na mbili.

Mimi ni mbebaji. Kitengo chetu kimeandikwa mlangoni Huduma za Kisaikolojia na Kijamii, chumba cha mwisho nyuma ya maabara. Mwaka wa kwanza wa homa ya vumbi kulikuwa na washauri nasaha kumi na wanne, wanakaa na mgonjwa nusu saa, wanaongea naye. Mwaka wa pili walibaki wawili na wodi zikawa tisa. Ndipo zikaletwa bangili. Moja anavaa mgonjwa, moja navaa mimi, katikati kuna kisanduku kama cha sabuni ya kuogea. Kisanduku kinasikiliza mwili wa mgonjwa unavyoogopa, kinautuliza wake na kuuamsha wangu, kiasi kilekile. Mawazo hayaji. Sijui mgonjwa anamfikiria nani wala anaona nini akifumba macho. Ninachopata ni jasho, mapigo, na miguu inayotaka kukimbia. Halafu naenda kuzunguka kwenye uwanja wa nyuma mpaka iyeyuke.

Kwenye kisanduku kuna namba, moja mpaka kumi. Sisi wenyewe tunaziita vibaba. Sheria ni vibaba vitatu kwa mgonjwa mmoja, haivukwi.

Nilichukua tisa.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kubadilishana zamu walikuwa wanamtoa mama wa kitanda cha kumi, ameshafungwa kwenye plastiki, na Bibi Mbeleje akaona. Akanishika mkono wa gauni. "Niondolee, mwanangu." Nikachukua vitatu. "Bado ipo. Niondolee yote, mimi ni sawa na mama yako mzazi." Akalia, mtu mzima, mbele yangu. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akikuomba maji unampelekea kwanza, kiu yako utaikumbuka baadaye. Neno hapana kwa mtu niliyemwamkia shikamoo sijawahi kulitamka maisha yangu yote. Nikabonyeza tena, na tena. Ilipofika tisa akashusha pumzi, akanibariki, akalala usingizi kama mtoto aliyeshiba.

Nilidhani nimetenda wema. Nikatoka nje nikatapika, nikarudi kazini.

*

"Umechukua ngapi?" Mzee Mhina akaniuliza.

Mzee Mhina ndiye mkuu wa kitengo, mtu wa Tanga, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuwa ananitazama jinsi nilivyokaa kwenye ncha ya kiti, nimeangalia mlango.

"Tatu."

"Nyamizi."

"Tatu, mzee. Shikamoo."

"Umeshaniamkia mara mbili." Akanyoosha mkono. Nikampa kisanduku. Akasoma, akakiweka mezani taratibu, akavua miwani.

Hakufoka. Bora angefoka.

"Mbona tatu?" akasema. "Uliwahi kujiuliza? Kwa nini wasiseme sita, au kumi, mtu apumzike kabisa?"

"Kwa ajili yetu. Ili tusiumie."

"Nyie mtaumia mtapona. Ni kwa ajili yao." Akachora kitanda kwenye karatasi, na mtu amelala kifudifudi. "Homa hii inakaa mgongoni mwa mapafu. Mgonjwa akilala kwa tumbo saa kumi na sita kwa siku, hewa inapata njia. Lakini inauma. Shingo inauma, kifua kinauma, mtu anajiona kama anakanyagwa. Sasa niambie, nani atavumilia saa kumi na sita za namna hiyo? Dawa ya kuwalaza hatuna. Mashine za kupumulia ziko sita na zote zina watu. Kitu pekee kinachomfanya Bibi Mbeleje alale kifudifudi ni kwamba anaogopa kufa. Wewe umeichukua."

"Nimrudishie sasa hivi."

"Bila dole gumba lake kisanduku hakirudishi. Zamani walikuwa wanarudisha bila kuuliza, watu wakasema ni mateso, wakaenda mahakamani wakashinda. Na walikuwa na haki." Akanitazama. "Umemuuliza?"

"Nimemuuliza asubuhi. Akasema nimemtua mzigo, nisimtanie."

"Basi ndiyo hivyo. Hataogopa, na kwa sababu haogopi hatakubali kuogopa."

"Atatengeneza nyingine si ndiyo? Mwili wake?"

"Siku nne, tano. Siku nne za kusubiri hana." Akaangalia saa ya ukutani. "Hofu inakaa kwa mbebaji saa nane. Baada ya hapo inapoa, huwezi tena kuirudisha. Ulichukua saa kumi na mbili. Maana yake saa nane mchana. Usizunguke uwanjani, usioge maji baridi, usicheke. Ukae nayo hivyo hivyo."

Nikachukua kisanduku, nikasimama. Miguu ilikuwa inataka kwenda popote.

"Kaa kwanza," akasema. "Nikwambie na upande wa pili, maana ukitoka hapa hutaniuliza. Daktari amesema hata akilala kifudifudi vizuri, ni nusu kwa nusu. Miezi kumi na tisa niko hapa. Sijawahi kumwona mgonjwa wa wodi ile akicheka. Mimi mwenyewe nimepita pale leo nikasimama mlangoni kumsikiliza." Akavaa miwani, akaivua tena. "Mtu akiniambia niende huku nacheka au nibaki huku nalia na labda niende tu, sijui ningechagua nini. Sijui, Nyamizi. Usinitazame hivyo."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Uandike ripoti. Namba ya kweli."

"Wataninyang'anya bangili."

"Watakunyang'anya," akasema.

*

Ndugu hawaruhusiwi kuingia. Wanasimama ng'ambo ya uzio wa waya, sisi tunasimama upande wetu, hatua thelathini katikati, tunaongea kwa simu huku tunaonana. Matika, binti yake Bibi Mbeleje, alikuwa amesimama palepale anaposimama kila siku, na chupa ya uji ambayo anajua hatutaipokea.

"Dada, mama amepona?" akauliza kabla sijasema lolote. "Amenipigia saa moja. Anacheka. Ameniambia nisije tena kwenye jua, niende nikafungue mashine, wateja wanangoja. Wiki mbili alikuwa akinipigia analia tu. Nimewaambia watu wote amepona."

Mashine ilikuwa ya kusaga nafaka. Bibi Mbeleje aliinunua mwenyewe baada ya kufiwa, na wodi nzima tulishajua habari zake, mkanda wake, sauti yake, watu wanaoleta mahindi yenye mchanga.

"Bado hajapona," nikasema.

"Mbona sauti yako inatetemeka?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, ila kwa vibaba tisa mwilini huwezi kutunza siri, kila kitu kinataka kutoka. Nikamwambia nilichokosea, nikamwambia saa nane. Niliona anakaa chini kwenye vumbi, pole pole, simu bado iko sikioni.

"Yaani mama anacheka kwa sababu wewe umebeba."

"Ndiyo."

"Na akiendelea kucheka atakufa."

"Anaweza. Na akiacha anaweza pia."

Nilikuwa nasubiri matusi. Akasema, "Usinisikilize mimi. Mimi nataka awe hai, hata akiwa analia, hata akinichukia. Lakini sio mimi ninayelala kwa tumbo." Akafuta uso. "Ukimwomba kwa adabu hatakubali. Mama kwa adabu humpati. Jina lako nani, dada? Siku zote nasahau kuuliza."

"Nyamizi."

"Nyamizi wa wapi?"

"Wa Sikonge. Tabora."

Nikaona kichwa chake kinainuka kule ng'ambo. "Mnyamwezi," akasema. "Wewe ni Mnyamwezi na sisi Wagogo, watani kabisa, na wiki mbili zote unamwamkia mama yangu shikamoo."

"Nimefundishwa hivyo."

"Baba alipofariki mama alikataa chakula siku tatu. Wazee wamembembeleza, mchungaji amekuja, wapi. Akaja mtani mmoja, Mnyamwezi, fundi baiskeli. Akavaa kofia ya baba, akaingia anatembea kama baba, akakaa kwenye kiti chake akamfokea mama ugali uko wapi. Tulifikiri mama atamuua. Alimpiga mwiko kweli. Halafu akapika, akala." Akahamishia simu sikio la pili. "Mtani hakatazwi, dada. Na mtani hakasirikiwi."

Nikamwambia mimi siwezi. Ni kweli, siwezi. Baba yangu ndiye bingwa, akienda msibani kwa Wagogo analala kwenye njia ya kaburini mpaka wamwondoe kwa kumlipa kuku. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya gauni la mama nikitamani ardhi inimeze.

"Saa ngapi sasa?" akauliza Matika.

Ilikuwa saba na dakika kumi.

*

Themanini na moja.

Nilisimama mguuni pa kitanda cha kumi na moja. Barakoa ilikuwa shingoni. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau, na bado alikuwa anaongea, maneno mawili, pumzi, maneno mawili.

Nikaanza kwa adabu, maana ndiyo njia ninayoijua. "Bibi, naomba nikurudishie kile nilichochukua asubuhi. Tafadhali."

"Mjukuu wangu." Akanishika kidole. "Mtu ametuliwa gunia. Unamwomba alibebe tena. Kwa nini?"

"Ili ulale kwa tumbo."

"Nitalala. Baadaye."

Alikuwa anasema hivyo hivyo tangu asubuhi. Nikaangalia saa. Saba na nusu. Mwili wangu wote ulikuwa unaniambia nikimbie, na mdomo unaniambia ninyamaze kama siku zote, na nikagundua kwamba ninaogopa vitu viwili na kimoja ni kidogo sana. Kile kidogo kilikuwa changu.

Nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa.

"Wewe Mgogo," nikasema. "Sogea."

Hakuamini. "Nani?"

"Wewe. Nimebeba mzigo wako tangu asubuhi, mgongo umekufa, hata maji ya kunywa hujanipa. Au kwenu bado mnachota mtoni kwa kijiko?"

Mama wa kitanda cha kumi na mbili akaacha kukohoa. Sista aliyekuwa anabadilisha dripu upande wa pili akageuka. Uso uliniwaka mpaka kioo cha usoni kikapata ukungu.

"Huyu mtoto," akasema Bibi Mbeleje taratibu, "ni wa wapi?"

"Sikonge."

Macho yakamng'aa. "Mpagazi. Ndiyo maana. Mzigo umekukaa vizuri." Akavuta pumzi. "Babu zako walikuwa wanapita kwetu. Pembe za ndovu za watu kichwani. Babu zangu wamekaa kivulini, wanawadai hongo ya njia."

"Walikuwa wanadai kwa sababu hawakuwa na cha kuuza. Nani atanunua mlenda?"

Akacheka, cheko likageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Themanini. Nikamsubiri. Mkono wangu ulikuwa umekamata chuma cha kitanda ili asiuone.

"Nimekuja kuchukua mashine," nikasema.

"Mashine gani?"

"Ya kusaga. Mtani akifa nachukua ninachokitaka, hilo unalijua mwenyewe. Nimeshaongea na Matika, yuko pale kwenye waya. Nitaipaka rangi ya pinki." Nikaichukua kanga yake kwenye mto, nikajifunga kiunoni juu ya mavazi ya kujikinga, nikashika nyonga kama anavyoshika yeye. "Wewe, pita huku. Haya mahindi au kokoto? Peleka ukajengee."

Sista akaziba mdomo. Wala sikujua kama sauti ile ninayo. Ilitoka imepinda, inatetemeka, lakini ilitoka.

"Mikono laini hiyo," akasema Bibi. "Mkanda ukikatika. Utafanya nini?"

"Nitaiuza chuma chakavu."

Akaacha kutabasamu. "Huuzi."

"Nani atanizuia? Wewe utakuwa chini. Angalia kidole chako, mtani. Themanini. Jana hukuwa hapo. Ikifika sabini na kitu mimi nakwenda kuchukua ufunguo."

Akainua kidole, akakiweka karibu na uso, akakitazama kama anasoma bei ya kitu cha mtu mwingine. Tabasamu lilikuwa limekwenda, na hakuna kilichokuja mahali pake.

"Naiona," akasema. "Najua maana yake. Wameniambia wiki mbili." Akanigeukia. "Mbona sijali?"

"Kwa sababu nimekubebea huko kujali."

Saba na dakika arobaini na tano.

"Bibi, sasa sikutanii," nikasema. Nikafungua kanga, nikaiweka mapajani mwake. "Daktari anasema ni nusu kwa nusu. Ukiichukua unaweza kulala kwa tumbo, ukaogopa saa zote, halafu ukafa hivyo hivyo. Usipoichukua utacheka mpaka jioni, labda mpaka kesho. Nilipaswa kuchukua tatu tu. Nilichukua tisa kwa sababu nilishindwa kukukatalia. Ni kosa langu, sio lako. Na siwezi kubonyeza mpaka uweke dole."

Alikuwa anajitahidi, nilimwona, anatafuta ndani yake kitu cha kuamulia na hakioni, kama mtu anayepapasa ukuta kwenye chumba chake mwenyewe, swichi imehamishwa.

"Ilikuwaje?" akauliza. "Nimesahau."

"Kifua kama kuna mtu amekikalia. Mikono baridi. Mtu akifungua mlango unajua amekuja kukuchukua. Inaumiza sana, Bibi." Nikatafuta namna ya kusema. "Lakini yote inavuta upande mmoja. Inataka kutoka hapa. Miguu yangu tangu asubuhi inataka kwenda nyumbani kwako, na mimi sijawahi kufika."

"Na wewe. Ungekuwa mimi?"

Nilitaka kusema chukua. Nilitaka kupiga kelele chukua. Ndipo nikasita, maana nilijua aliyetaka kupiga kelele ni nani.

"Siwezi kukujibu," nikasema. "Nikijibu, anayejibu ni hofu yako. Nimejaa hiyo tu."

"Mimi sina." Akapumua. "Wewe umezidisha." Akapumua tena. "Wote wawili hatufai."

"Hatufai, Bibi."

Kwenye dirisha la mlango nilimwona Mzee Mhina amesimama, mikono nyuma. Hakuingia.

Bibi Mbeleje akanyoosha mkono wenye bangili. "Lete," akasema. "Mimi niko sawa. Ila mashine. Haipakwi pinki."

"Huo ni utani au ni kweli? Lazima niulize."

"Sijui. Weka hapo. Kabla sijaanza kucheka tena."

Nikamwekea kisanduku kitandani, akaweka dole gumba mwenyewe. Mpaka leo sijui nilipewa ruhusa au nilishinda mabishano. Nimeliandika hilo kwenye ripoti, kwa maneno hayo hayo.

*

Inarudi yote kwa mara moja. Ilinitoka kama vile mtu amefungua koki. Kwanza mikono ikatulia, halafu tumbo, halafu wodi ikawa wodi tu, kuna vitanda na harufu ya dawa na mwanga wa mchana sakafuni. Nilijisikia vizuri sana. Nilijichukia kwa jinsi nilivyojisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa namtazama.

Macho yake yalitanuka. Akashika koo. Akatazama kidole, safari hii akakiona. Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Umenifanya nini? Wewe mtoto, umenifanya nini?"

"Geuka, Bibi. Nitakusaidia. Barakoa kwanza."

"Nakufa."

"Geuka."

Sista akaja mbio, tukamshika mabegani na kiunoni, tukamgeuza, mto chini ya kifua, shavu upande wangu. Alitupiga. Alimpiga sista ubavuni, akanikwangua kioo cha usoni. Halafu akakamata chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili na akakaa hivyo, kifudifudi, mgongo unapanda na kushuka, machozi yanaingia ndani ya barakoa. Themanini. Sabini na tisa. Themanini.

Mama wa kitanda cha kumi na mbili aligeukia ukutani. Nilimwelewa. Dakika chache tu zilizopita alikuwa na jirani anayemchekesha, na mimi ndiye niliyemwondoa.

Mzee Mhina akaingia mpaka karibu, akasimama nyuma yangu. "Saa saba na hamsini na mbili," akasema chini chini, kama anajiandikia mwenyewe. Halafu, "Bangili utaikabidhi jioni. Mpaka jioni bado ni yako." Akaondoka.

Nikavuta kiti.

"Nyamizi." Alikuwa analijua jina langu, kumbe. Sauti ilitoka ndani ya mto. "Mwanangu. Chukua kidogo."

Bangili ilikuwa bado mkononi kwangu na nyingine kwake. Vibaba vitatu vinaruhusiwa, hakuna ambaye angenilaumu. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikaangalia namba.

"Hapana, Bibi."

"Nakuomba. Mimi ni mama yako."

"Hapana. Ikifika tisini nitachukua vitatu. Sio kabla, na sio vinne."

Alinitukana. Alinitukana kwa Kigogo na kwa Kiswahili, mimi na ukoo wangu wote na barabara iliyotuleta, na haukuwa utani hata kidogo. Kila tusi lilimlazimu avute pumzi kabla yake. Mimi nilikaa. Sikuwa na hofu yake tena ya kunisukuma, kwa hiyo ile iliyokuwa inanikausha mdomo sasa ilikuwa yangu yote. Nikamshika mkono. Akauvuta. Nikauacha pale karibu, juu ya shuka, na baada ya muda akaushika, akaubana kwa kucha.

Themanini na mbili. Themanini na tatu. Themanini na mbili.

"Ngapi?" akauliza.

"Themanini na tatu," nikasema, nikimwongezea moja.

"Muongo mkubwa wewe," akasema, akavuta pumzi nyingine.